Malalamiko Dhidi ya Ikran, Ambaye Noti Zake Hazitusaidii Tena

Kiambi Runji,
Mwakilishi wa Darasa la Hifadhi ya Mazao,
Chuo cha Kilimo cha Mteremko,
Embu.

Kwa Bi. Wambeti,
Mkuu wa Masomo,
Chuo cha Kilimo cha Mteremko.

Bi. Mkuu wa Masomo,

MINTARAFU: MWANAFUNZI ANAYEANDIKA NOTI KWA MANENO YAKE MWENYEWE

Nakuandikia kwa heshima zote unazostahili, na nyingine kidogo za akiba, kwa sababu jambo ninalolileta mezani pako ni zito na huenda zikahitajika. Mimi ni Kiambi, kijana wa Laare, na darasa limenituma kwa kauli moja. Aliyekataa kunituma ni mtu mmoja tu, na huyo ndiye nimekuja kumshtaki.

Anaitwa Ikran Abdiweli. Kwao ni Makutano, Meru mjini, na darasani hukaa mbele, karibu na dirisha lile lisilofungika. Si mtu wa fujo. Hajawahi kuchelewa, hajawahi kuazima kalamu akasahau kuirudisha, na akikupita kwenye veranda hukusalimia hata kama hukumwona. Kosa lake ni moja, nalo limetuumiza kuliko makosa ya wezi wa kalamu wote: ameanza kuelewa anachokiandika.

Usidhani natania. Kama ujuavyo, darasa letu zima, ukimtoa yeye, litafanya mtihani wa marudio Ijumaa ijayo. Nikianguka nitarudia mwaka. Mama yangu kule Laare amekwisha kuwatangazia akina mama wa kanisani kwamba mahafali yakifika watakuja Embu na sare ya kitenge, na kitenge kimeshachaguliwa. Sijui mtu humwambiaje mama yake airudishe furaha dukani.

Kabla sijahesabu malalamiko, niruhusu nieleze tulikotoka. Kwetu Laare hakuna mtu anayechuma miraa, akaifunga, akaisafirisha, kisha akaitafuna yeye mwenyewe. Hiyo ingekuwa tamaa. Baba hupanda mti na kuchuma. Mama huchagua vijiti na kuvifunga kwa majani ya mgomba. Kijana wa boda boda hubeba magunia hadi sokoni. Anayetafuna yuko mji wa mbali na hajawahi kuuona mti wenyewe, na bado anafurahi. Nilipofika chuoni nilishtuka kukuta kila mwanafunzi anajiandikia noti zake. Nguvu nyingi namna ile, zote zikielekea mahali pamoja!

Kwa hiyo nilipochaguliwa kuwa mwakilishi, nilileta utaratibu. Ikran, kwa kuwa mkono wake ni mwepesi, aliandika. Purity, anayekaa chumba kimoja naye, alipiga kurasa picha kwa simu. Njeru alizipeleka kwenye mashine ya fotokopi kule mtaa wa Majimbo. Muchangi aligawa nakala. Mimi nilisimamia. Waliosalia walipumzika, na kupumzika saa nane mchana baada ya githeri ni kazi kama kazi nyingine.

Na zilikuwa noti kwelikweli, Bi. Mkuu. Mhadhiri wetu, Mwalimu Ireri, akisema habari za mchana, Ikran anaandika. Mwalimu akikohoa, Ikran anaandika, "Mwalimu anakohoa." Siku moja Mwalimu alisimulia habari za ng'ombe wake aliyegoma kukamuliwa kwa sababu shemeji alikuja na koti la mvua. Yote yalikuwamo, pamoja na rangi ya koti. Hatukuwa tukizisoma, hilo sikufichi. Tulikuwa tukizitunza. Ukiingia chumbani kwangu Majimbo utazikuta chini ya godoro, zimenyooka, hazina hata kunyanzi moja.

Sasa naomba kuorodhesha tuliyotendewa.

1. Jambo la kwanza ni chanzo cha yote, nalo ni mkutubi wetu, Bi. Ruguru. Mwanzoni mwa muhula alitangaza mazungumzo mafupi maktabani kuhusu namna ya kuandika noti na kuzitumia. Sisi hatukupuuza. Tuliona ni jambo la manufaa sana, na ndiyo maana tulimtuma Ikran akatuandikie noti za mazungumzo hayo.

Alirudi na ukurasa ambao haukujaa. Aliandika: "Sikiliza kwanza, ndipo uandike. Tumia maneno yako. Tia mfano unaoujua. Acha pambizo pana upande wa kushoto, uandike humo maswali. Siku hiyohiyo funika majibu, ujiulize." Basi. Hakukuwa na kikohozi hata kimoja. Muchangi aliugeuza ukurasa akatazama nyuma, akasema, "Manze Ikran, hii ni summary ama ni SMS?" Lakini kwa kuwa sisi ni watu wa utaratibu, tuliufotokopi na kila mtu akauweka chini ya godoro lake.

Hatukujua kwamba yeye ameuweka kichwani.

2. Tangu siku hiyo amekuwa na tabia ya kumtazama mhadhiri. Anaweka kalamu chini kabisa, anaegemeza shavu kwenye kiganja, anamsikiliza Mwalimu Ireri kana kwamba anasikiliza habari za nyumbani. Kisha ndipo anaandika sentensi moja. Pengine hakuna sheria ya chuo inayokataza kutazama, lakini fikiria madhara yake. Mhadhiri ni binadamu. Akiona jicho moja limefunguka hudhani darasa zima liko macho. Mwalimu Ireri ambaye miaka yote alikuwa akizungumza na ubao kwa amani, sasa amegeuka, anatuuliza maswali. Juzi alimwuliza Njeru tofauti ya kukauka na kuoza. Njeru alikuwa katikati ya usingizi mzuri, na mpaka leo hajaupata tena.

Kuna saa ambapo anainua mkono na kusema hajaelewa. Bi. Mkuu, sisi wote hatujaelewa, lakini tuna adabu.

3. Noti zimekonda. Mhadhara uliokuwa ukijaza kurasa kama matita ya kuni, sasa unaenea kwenye ukurasa mmoja, na huo ukurasa nao umechorwa mstari wa kusimama. Kulia kuna maelezo machache. Kushoto kuna maswali. Chini kabisa kuna sentensi mbili ambazo huziandika baada ya kufunga daftari na kukumbuka, kisha hulifungua kuona kama amekosea. Nilimwita kama kiongozi wake nikamwuliza kwa upole kama ana shida nyumbani. Akaniambia, "Kiambi, zamani nilikuwa naandika yote na sikumbuki kitu. Saa hii naandika kidogo na nakumbuka."

Unaona ubinafsi ulivyo mtamu mdomoni. "Nakumbuka," anasema. Sisi je? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tulimsifu mno.

4. Sasa nafika kwenye mtihani, na naomba uketi kama hujaketi.

Swali la kwanza lilisema: "Ukitoa mfano kutoka nyumbani kwenu, eleza kwa nini mazao au bidhaa huharibika, na jinsi uharibifu huo unavyoweza kucheleweshwa." Usiku wa kuamkia mtihani, darasa zima lilikuwa limezitoa nakala chini ya godoro na kuzikariri, maana hata tulivyo wavivu tunajua wakati wa kuacha. Na kwenye noti za Ikran kuhusu jambo hilo kulikuwa na maneno haya, nayanukuu kama yalivyo: "Vijidudu huzaliana haraka kwenye joto na uchafu. Kama shangazi yangu Timiro pale Makutano: husugua mtungi, akaufukiza kwa moshi wa kuni, ndipo akatia maziwa ya ngamia. Siku moja alisahau kuufukiza, na maziwa yakachacha kabla mjomba Hared hajarudi kutoka msikitini."

Tuliyaandika. Sote. Njeru, ambaye baba yake ni mzee wa kanisa na hajawahi kuonja maziwa ya ngamia, alieleza kwa uchungu jinsi mjomba wake Hared alivyorudi kutoka msikitini akakuta maziwa yamechacha. Purity aliongeza kwamba shangazi alilia. Muchangi alipata taabu zaidi, kwa kuwa mashine ile ya Majimbo hukata kingo za karatasi. Nakala yake ilikuwa na shangazi "Timi" na mjomba anayerudi kutoka "msi", naye kwa busara yake akamaliza kwamba mjomba alikuwa ametoka msituni. Mimi, kwa kutaka kujitofautisha, nilimhamishia ngamia Laare. Nilimpandisha milima ya Nyambene kwenye baridi na ukungu, nikamfunga nyuma ya nyumba yetu.

Tunaambiwa Mwalimu Ireri alisahihisha karatasi chache za mwanzo akitikisa kichwa, kisha akaenda kutembea shambani kwa chuo. Alipoingia darasani hakupandisha sauti. Alisema, "Class, nimeguswa sana. Sikujua miaka hii yote nafundisha familia moja." Kisha akagawa karatasi. Ikran alikuwa amepata alama za juu kuliko mtu yeyote aliyewahi kulifanya somo hilo. Sisi tuliandikiwa kwa wino mwekundu, "Msalimie shangazi," na chini yake sifuri.

Nauliza, ni haki? Maneno yalikuwa yaleyale. Shangazi alikuwa yuleyule. Iweje kwenye karatasi moja apate alama zote, na kwenye nyingine asipate hata nusu?

5. Kikao cha nidhamu unakijua, ulikuwepo, na niliona ulivyojifunika mdomo kwa leso. Nakitaja tu kwa ajili ya kumbukumbu. Kamati iliona vyema kumwalika shangazi mwenyewe. Bi. Timiro alifika kutoka Makutano na ushungi wake wa kijani, akasimama mlangoni, akatutazama safu kwa safu. Tulikuwa tumejipanga kama watoto wa kipaimara. Akasema, "Hawa wote ni watoto ya ndugu yangu? Wallahi, huyo mtu alifanya kazi." Akamsogelea Njeru na kumwambia mjomba Hared anamsalimia, na anauliza mbona hamwoni msikitini. Njeru alijibu kwamba atajitahidi.

Kisha akatukaribisha wote kwake. Alisema, "Mimi sina ubaya. Mkuje Makutano, mkunywe maziwa. Lakini kila mtu akuje na kikombe yake." Kamati ilicheka, nasi tukacheka kwa kuwa kamati imecheka.

Kilichofuata ndicho kilichoniumiza. Mwalimu Ireri aliniita kwa jina. Hakuwa na hasira. Aliniuliza, "Kiambi, wewe kwenu ni Laare. Hebu niambie, nyumbani kwenu ni kitu gani kinaharibika?" Nilisimama. Nimezaliwa katikati ya miraa. Nimelala juu ya magunia ya miraa nikiwa mtoto, na kikohozi cha boda boda za asubuhi nakijua kuliko kikohozi cha Mwalimu. Nilifungua mdomo, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Maziwa ya ngamia, Mwalimu."

Hapo hakuna aliyecheka, na ningependelea wacheke. Niliona aibu, Bi. Mkuu. Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba mtu amenitendea jambo baya sana, na kwa kuwa mtu huyo hakuweza kuwa mimi, lazima awe Ikran.

6. Ugonjwa wenyewe unaambukiza. Purity sasa husonga ugali akiwa amelisimamisha daftari kwenye mtungi wa maji, mkono mmoja umefunika majibu na mwingine umeshika mwiko, akijiuliza maswali kwa sauti. Ugali una madonge lakini yeye hajali. Anadai alikuwa akipiga picha kurasa zile muhula mzima na kwamba simu yake ndiyo iliyosoma. Hebu fikiria maneno hayo yakisambaa.

Baya zaidi, mambo haya yameingia hadi kwetu. Mama alinipigia simu. Alisema mzigo wa miraa ulikauka kabla ya kufika mjini Maua, mnunuzi akaukataa, na yeye na baba hawaelewi, maana ulichumwa na kufungwa kama siku zote. Akaniuliza, "Kiambi, si hicho ndicho ulienda kusomea huko? Mwalimu wenu alisemaje?" Nikatoa nakala zote chini ya godoro. Nilipekua karatasi moja moja. Palikuwa na mtungi, palikuwa na moshi, palikuwa na mjomba Hared. Hapakuwa na mama yangu. Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Ikran amenifanya nimdanganye mama. Liandike hilo peke yake.

7. Huenda ukasema, kama anavyosema Bi. Ruguru, kwamba dawa yake ni kila mtu kujitafutia maneno na mifano yake. Ni rahisi kusema. Ili uone taabu tunayotakiwa kuibeba, nilijaribu mwenyewe, na nakuwekea hapa matokeo kama ushahidi dhidi ya mtindo huo. Ndiyo sababu utaona nimeacha pambizo pana upande wa kushoto wa barua hii na kuandika humo maswali kwa kalamu nyekundu. Ni ya kielelezo tu. Usijisumbue kuyajibu.

Nilijiuliza: kijiti cha miraa kikishakatwa, kimekufa? Hapana. Mwalimu Ireri alisema mazao yaliyovunwa bado yanapumua. Nakumbuka kwa sababu siku hiyo hakukohoa. Basi kijiti kilicho mikononi mwa mama bado kinapumua. Lakini hakipati tena maji kutoka mizizini, kwa hiyo kinakula akiba yake na kupoteza unyevu wake. Kikipata joto hupumua haraka zaidi, kama mtu anayepanda kilima, na akiba huisha upesi. Upepo nao huiba maji. Ndiyo maana mama huchagua vijiti kivulini, wala si uani ambako kuna mwanga mzuri. Ndiyo maana hufunga kwa majani mabichi ya mgomba: jani hukinga upepo na kuuweka unyevu ndani. Na ndiyo maana humgombeza baba akichelewa kushuka mtini. Nilidhani ni hasira zake za asubuhi.

Sasa, mzigo ule ulikauka kwa nini? Kuchuma kulikuwa sawa, kufunga kulikuwa sawa. Palibaki njiani. Nikampigia mama nikamwuliza aliyebeba aliliweka gunia wapi. Akauliza, akarudi, akasema kijana alikuwa mgeni na alikuwa amebeba mizigo mingi, gunia letu akalifunga chini, likaegemea ekzosi ya pikipiki. Nikamwambia, basi lilipikwa safari nzima. Liwe juu, na lifunikwe. Kisha akasema, polepole, "Kumbe huko unasoma."

Hayo yote, Bi. Mkuu, yalinichukua mchana mzima. Mchana huo ningeweza kufotokopi somo la muhula mzima. Na sasa siwezi kuyasahau hata nikitaka. Nikifumba macho naiona ekzosi. Je, hayo ni masomo au ni mateso?

Kwa sababu hizo, darasa linaomba hatua zifuatazo, na tutashukuru zikichukuliwa kabla ya Ijumaa:

(a) Ikran aamriwe kurudia mkono wake wa zamani, na vikohozi virudishwe kwenye noti.

(b) Mwanafunzi yeyote mwenye mfano wa nyumbani kwao ausajili ofisini kwako, ili uwe mali ya umma. Chuo kiteue shangazi mmoja rasmi atakayetumiwa na wote, na kama Bi. Timiro atakubali, basi tunampendekeza.

(c) Kuelewa kufanywe nje ya saa za mihadhara, ili kusiwabughudhi wengine.

(d) Bi. Ruguru apewe likizo. Amefanya kazi nyingi.

Wako wanaosema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tunajibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na tukiulizwa chawa yuko wapi, tutateua kamati ya kumtafuta.

Nakutakia afya njema na muhula usio na rufaa nyingi. Umsalimie Mwalimu Ireri na umwambie dawa ya kikohozi anayoitumia inafanya kazi, kwa bahati mbaya. Uwasalimie wapishi, uwaambie githeri ni nzito lakini hatulaumu. Umsalimie Bi. Ruguru kama bado hajaenda likizo. Na wageni kutoka Makutano wakipita ofisini kwako, wape salamu wawapelekee mjomba Hared na shangazi Timiro kutoka kwa wapwa wao wote.

Ni mimi, kwa niaba ya wengi,

Kiambi Runji,
Mwakilishi wa Darasa.

N.B. Kabla ya kuifunga barua hii nilimpa Njeru anikagulie makosa. Nasikitika kukuarifu kwamba utaratibu niliouanzisha unafanya kazi vizuri kuliko nilivyojua. Njeru alisoma hadi kifungu cha saba, akamwita Purity. Purity akatoa simu. Alisema ni mara ya mwisho, na kwamba hiki anakisoma kabla ya kukipiga picha. Kabla ya jioni kilikuwa kimeshapita kwenye mashine ya Majimbo, na leo darasa zima lina kifungu cha saba mkononi. Wanasema ndiyo mara ya kwanza wameelewa somo hili. Muchangi alinisimamisha kwenye veranda akaniuliza, "Boss, mathe wako anafunga hizo vitu na majani ya nini tena? Yangu imekatwa hapo."

Bi. Mkuu, nilikasirika. Nilihisi kama mtu ameingia jikoni kwa mama yangu bila kubisha hodi. Yule ni mama yangu. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa vijiti nilivyokula na kuvaa, na Ijumaa darasa zima linakusudia kuandika kwamba ni mama yao. Muchangi kwao ni Embu hapa hapa, wana maparachichi, yanaoza kila msimu, na mama yake mwenyewe yuko hai na hakuna aliyemwuliza kitu. Nilimwambia aende nyumbani akaulize. Nilimwambia kila mtu aje na kikombe chake. Ikran alikuwa anapita, akanisikia, akacheka mpaka akashika ukuta.

Kwa hiyo naomba malalamiko ya kwanza hadi ya sita yasisomwe, na maombi (a) hadi (d) yatupwe. Badala yake utoe amri kali kwamba hakuna mwanafunzi atakayenakili barua hii, wala kumtumia mama yangu.

Na jambo la mwisho, ambalo kwangu sasa ndilo kubwa. Nakala walizo nazo wenzangu hazina pambizo, maana mashine imelikata, na maswali yangu yote yako pambizoni. Karatasi zilizobaki chini ya godoro langu ni za shangazi Timiro. Naomba unirudishie barua hii ukishaisoma, kabla ya Ijumaa. Sina noti nyingine.